Akiba ya Mifupa: Wasichana, Kazi na Michezo Katika Jinja na Mbale

Wahenga walituachia methali mbili ambazo sisi walimu tumezoea kuwaandikisha wanafunzi wetu bila ya kuupima vyema uzito wake. Ya kwanza ni "Akiba haiozi," na ya pili ni "Samaki mkunje angali mbichi." Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba methali hizi mbili, zikiwekwa pamoja, zinaeleza jambo moja la mwili wa binadamu ambalo wataalamu walitumia zaidi ya karne moja kulithibitisha. Jambo lenyewe ni kwamba mifupa ya bibi kizee huwekewa akiba yake angali msichana, na kwamba msimu wa kuiweka akiba hiyo ni mfupi mno.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa lugha ana shughuli gani na mifupa? Jibu letu ni hili. Mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari ulipoanza kutumika nchini Uganda mwaka wa 2020, masomo mawili yaliyokuwa yamezoea kukaa pembeni yaliingizwa pamoja katika orodha ya masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili. Moja lilikuwa Kiswahili. La pili lilikuwa Elimu ya Viungo. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunaujua uchungu wa somo linaloandikwa kwenye ratiba kwa ajili ya mapambo. Basi yafaa tumtazame jirani yetu kwa jicho la huruma, na pia kwa jicho la toba, maana tumemkosea.

Tunasema toba kwa sababu ifuatayo. Katika shule moja ya upande wa Mbale tulikofundisha kwa miaka kadhaa, ratiba ilionyesha kipindi cha michezo kila Jumatano alasiri. Kila muhula wa mitihani ulipokaribia, walimu wa hesabu na wa sayansi walikigombea kipindi hicho. Na sisi tulikigombea. Tulikipata mara nyingi, tukawafundisha wasichana wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu namna ya kuandika insha, nao wakakaa kimya juu ya mabenchi huku uwanja ukiota majani. Wakati ule hatukujua kwamba tulikuwa tunachukua kitu ambacho hakirudishwi.

Mfupa si jiwe

Watu wengi, hata waliosoma, huudhani mfupa kuwa kitu kilichokufa, mfano wa boriti iliyochomekwa ndani ya nyama. Sivyo. Mfupa ni kiungo hai kama moyo na ini. Ndani yake mna chembechembe zinazobomoa na nyingine zinazojenga, na kazi hiyo haikomi tangu kuzaliwa mpaka kufa. Katika utoto na ujana wajenzi huwashinda wabomoaji. Katika umri wa makamo hulingana. Na katika uzee wabomoaji hushinda. Kwa mwanamke ushindi huo huja kwa kasi zaidi hedhi inapokatika.

Fikira kwamba umbo la mfupa linahusiana na mzigo unaoubeba ni ya zamani. Galileo Galilei, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1638, alichora mfupa wa mnyama mdogo na wa mnyama mkubwa, akaonyesha kwamba mnyama akizidi ukubwa, mifupa yake haina budi kunenepa kupita kiasi cha urefu wake ili imhimili. Mnamo mwaka wa 1892, daktari Mjerumani Julius Wolff alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya kanuni ya mabadiliko ya mifupa. Alieleza kwamba mfupa hujipanga upya ndani yake kufuatana na nguvu zinazouelemea.

Ushahidi wa wazi ulipatikana mwaka wa 1977, pale watafiti wa Marekani walipowapiga picha za eksirei wachezaji wa tenisi. Mchezaji wa tenisi hutumia mkono mmoja kupiga mpira, na mkono wa pili hubaki kuwa shahidi. Ilionekana kwamba ganda gumu la mfupa wa juu wa mkono upigao lilizidi lile la mkono wa pili kwa kiasi cha asilimia 35 kwa wanaume, na asilimia 28 kwa wanawake. Mtu alikuwa yule yule, damu ile ile na chakula kile kile. Kilichotofautiana ni kazi tu.

Tafiti zilizofuata zimetufunza tabia za mfupa. Kwanza, hausikii sana mzigo mtulivu. Husikia mshtuko, kama vile mtu anaporuka na kutua, anaposimama ghafla, au anapogeuka kwa haraka. Pili, huchoka kusikiliza upesi. Baada ya miruko makumi machache huwa kama mwanafunzi aliyechoshwa na hotuba, na haupokei zaidi mpaka upumzike. Tatu, hupenda nguvu zitokazo pande mbalimbali. Ndiyo sababu kuogelea na kuendesha baiskeli, ingawa ni mazoezi bora kwa moyo na mapafu, huongeza mifupa kidogo tu kuliko kuruka kamba.

Kazi na ngoma za zamani

Sasa na tuitazame nchi yetu. Busoga imelala mashariki ya mto Nile unapotoka ziwani, na Jinja ni mlango wake. Mbale uko chini ya milima ya Masaba, ambayo ramani huiita Elgon. Ni mji uliopata umaarufu mwanzoni mwa karne ya 20 pale Semei Kakungulu alipoufanya makao yake. Bonde na mlima hutofautiana, lakini kwa msichana wa zamani siku zilifanana. Aliamka akaenda mtoni au kisimani, akarudi na maji kichwani. Alikwenda kuni. Alilima kwa jembe. Alitwanga kwenye kinu na kusaga wimbi juu ya jiwe. Wa Masaba alipanda na kushuka miteremko akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, na baadaye, kahawa ilipoingia, aliibeba kahawa vile vile.

Baada ya kazi kulikuwa na mchezo. Wasichana wa Uganda wanao mchezo ujulikanao kwa jina la kwepena. Wawili husimama pande mbili na kurushiana mpira uliofumwa kwa majani makavu ya mgomba au matambara, na aliye katikati huruka, huinama na kugeuka ili asipigwe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jina hilo, kwa kuwa kukwepa na kukwepana ni maneno yake mwenyewe, na Watanzania wanao mchezo wa jamii hiyo hiyo uitwao rede. Tena kulikuwa na ngoma. Basoga wanasifika kwa ngoma zao za kutikisa viuno. Bagisu, katika msimu wa imbalu unaofika kila mwaka usiogawanyika kwa baki, yaani 2022, 2024 na kuendelea, hucheza kadodi. Jando lenyewe ni la wavulana, lakini mwendo, nyimbo na miruko ya kuwasindikiza kijiji hadi kijiji kwa siku nyingi ni za watu wote, wasichana wakiwamo.

Tukiyapima haya kwa mizani ya elimu ya leo, twaona kwamba msichana yule alipata mishtuko mifupi, ya pande mbalimbali, yenye mapumziko kati yake, karibu kila siku, bila ya mtu yeyote kuiita mazoezi. Na katika bakuli lake palikuwa na wimbi. Nafaka hii ndogo ina kalsiamu ya zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, kiasi ambacho nafaka nyingine hazikikaribii.

Hata hivyo, yatupasa tujihadhari tusiyasifu mambo ya kale kupita kiasi. Mwaka wa 1986 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa nchini Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo. Watafiti walistaajabu kuona kwamba waliweza kubeba mzigo ufikao sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu zaidi ya mtu aendaye mikono mitupu. Lakini hebu tupige hesabu. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Msichana wa kilo 40 akilibeba, amebeba nusu ya uzito wake, si sehemu moja ya tano. Shingo yake na mgongo wake hulipa. Mzigo mzito ubebwao polepole humchosha mtoto pasipo kumpa ule mruko ambao mfupa huutafuta, tena humla saa za kusoma na za kucheza. Kazi ya kulazimishwa si badala ya mchezo, na hatuandiki makala haya ili tumrudishe msichana kisimani.

Kengele ya shule

Wamisionari walifungua shule. Gayaza, karibu na Kampala, ilianza mwaka wa 1905 kwa ajili ya wasichana. Mashariki, vituo vya misheni vya Nabumali na Nyondo, vilivyo karibu na Mbale, vilijulikana mapema. Na juu ya kilima cha Wanyange, karibu na Jinja, ilisimama shule ya wasichana inayotazama ziwa. Shule ilimpa msichana benchi, na benchi lilimpa kusoma, kuandika na jina lake mwenyewe. Hapana mwenye akili atakayeidharau neema hiyo. Lakini benchi ni benchi: hukaliwa.

Waalimu wa Kizungu walilijua jambo hilo, nao walikuja na dawa yake. Mazoezi ya viungo ya mistari na hesabu yalitoka Sweden, kwa Pehr Henrik Ling, aliyeanzisha chuo chake mjini Stockholm mwaka wa 1813. Mwanamke wa Kisweden, Martina Bergman-Österberg, aliyapeleka katika shule za wasichana za London kuanzia mwaka wa 1881, kisha akaanzisha chuo cha kufundisha walimu wa kike. Mpira wa kikapu ulipobuniwa Marekani mwaka wa 1891, chuo chake kilikuwa miongoni mwa vilivyougeuza ukawa mpira wa pete, mchezo wa wanawake uliofuata meli na misalaba mpaka ukafika kwetu.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Mpira wa pete ulitungiwa sheria za kumzuia mwanamke asikimbie ovyo: anayedaka mpira haruhusiwi kwenda nao, bali hana budi kusimama pale pale. Nia ilikuwa heshima. Lakini kuruka juu, kudaka, kutua na kusimama ghafla ndiyo hasa lugha ambayo mfupa huisikia! Waliotaka kumtuliza msichana walimpa, bila ya kujua, mmoja wa michezo bora kwa nyonga na miguu yake. Leo timu ya taifa ya Uganda ya mpira wa pete imo katika orodha ya timu bora duniani. Katika mashindano ya Kombe la Dunia yaliyofanyika Cape Town mwaka wa 2023 ilishika nafasi ya tano.

Kulikuwa pia na hofu. Katika nyumba nyingi msichana akishavunja ungo huambiwa asiruke, asipande mti, atulie kama mwanamke. Tusidhani kwamba hofu hii ni ya Waafrika peke yao. Wanawake waliporuhusiwa kukimbia mita 800 katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka wa 1928, wakubwa wa michezo walishtushwa na uchovu wao mwishoni mwa mbio, wakaifuta mbio hiyo, na haikurudishwa mpaka Roma mwaka wa 1960. Hofu ya Ulaya ilivaa koti la udaktari. Hofu ya kwetu ilivaa kanga ya adabu. Zote mbili zilimketisha msichana wakati ule ule.

Mwaka wa 1954 na baada yake

Mwaka wa 1954 una mahali pake maalumu katika historia ya mashariki ya Uganda. Mwaka huo Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja, na mwaka huo huo Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa Mbale kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Kiwanda cha nguo cha Nytil kikaota kando ya umeme. Miji ikakua. Maji ya bomba yakaingia katika mitaa, na mashine za kusaga zikachukua kazi ya jiwe na kinu. Mwanamke aliyepumzishwa jiwe la kusagia alishukuru, na alikuwa na haki ya kushukuru.

Mambo hayakwenda mbele tu. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka wa 1972 viwanda vya Jinja vilidhoofika, na katika miaka ya taabu iliyofuata wengi waliozoea bomba walirudia dumu. Lakini mwelekeo mkubwa haukugeuka. Usafiri wa bodaboda, ulioanza kwa baiskeli pale Busia mpakani mwa Uganda na Kenya katika miaka ya 1960, na ambao jina lake limetokana na neno la Kiingereza la mpaka, ulienea ukawa wa pikipiki, ukamfikia hata mwanafunzi. Njia ya maili mbili ambayo mama alikwenda kwa miguu, binti huenda ameketi.

Mwaka wa 1997 serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote. Idadi ya wanafunzi iliruka kutoka milioni 3 hivi hadi kupita milioni 5 kwa mwaka mmoja. Hilo lilikuwa tendo kubwa la haki, hasa kwa wasichana. Pamoja na hayo, madarasa yalijaa, na katika shule nyingi za mijini majengo mapya yaliumeza uwanja. Mtihani wa darasa la saba ukawa sindano ambayo kila ngamia hana budi kupenya. Masomo ya alfajiri yakaongezwa, na ya usiku yakaongezwa. Kisha likaja janga la korona: shule zilifungwa mwezi wa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, kipindi kirefu kuliko karibu nchi zote duniani.

Wala hatuko peke yetu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka wa 2019, iliyokusanya habari za nchi 146, ilionyesha kwamba kati ya vijana wa miaka 11 hadi 17, wasichana 85 katika kila 100 hawapati mazoezi ya kutosha. Wavulana ni 78. Kiasi kinachoshauriwa ni dakika 60 kwa siku, na katika wiki siku tatu ziwe na michezo ya kuimarisha misuli na mifupa.

Miaka miwili

Sasa tunafikia kiini cha maneno yetu. Katika jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada, watafiti waliwafuata watoto kwa miaka sita wakiwapima mifupa yao, na mwaka wa 1999 walichapisha matokeo. Waligundua kwamba kasi ya kuongezeka kwa mifupa ya msichana hufikia kilele akiwa na umri wa miaka kumi na miwili na nusu hivi. Kwa mvulana ni miaka kumi na minne. Katika miaka miwili tu inayozunguka kilele hicho, mtoto hujiwekea karibu asilimia 26 ya mifupa yote atakayokuwa nayo utu uzimani. Afikapo miaka 18, msichana amekwisha kupata karibu asilimia 90.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka wa 1995, watafiti wa Finland walikuwa wamewapima wanawake wachezaji wa tenisi na skwoshi. Wale walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo, au wakati ule ule, walikuwa na tofauti ya mfupa kati ya mkono upigao na usiopiga mara mbili hadi mara nne ya walioanza baadaye. Samaki alikunjwa angali mbichi. Na hesabu zilizochapishwa mwaka wa 2003 zilionyesha kwamba msichana akiongeza asilimia 10 katika kilele cha mifupa yake, anaweza kuahirisha ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na kuvunjika kwa miaka 13 hivi katika uzee wake.

Ndugu msomaji, weka sasa karatasi mbili kando kwa kando. Katika ya kwanza andika umri ambao mifupa ya msichana huvuna mavuno yake makuu: miaka kumi na moja na nusu hadi kumi na mitatu na nusu. Katika ya pili andika umri wa msichana anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba, akaufanya, akaingia kidato cha kwanza. Ni umri ule ule! Miaka ambayo mwili wake unadai mruko ndiyo miaka ambayo sisi humfungia darasani kutoka alfajiri mpaka usiku. Hatukufanya hivyo kwa chuki. Tulifanya kwa mapenzi, ili afaulu. Lakini mfupa hausomi nia.

Mtu anaweza kujibu kwamba mama zetu na bibi zetu hawakusumbuliwa na mambo haya. Ni kweli kwamba tafiti za Afrika, kama zile zilizofanywa miaka mingi katika vijiji vya Gambia, ambako watoto walipata kalsiamu ya chini ya miligramu 400 kwa siku, zilikuta mivunjiko michache ya nyonga miongoni mwa wazee kuliko Ulaya. Lakini maisha ya bibi zetu yalijaa ule mwendo tuliousimulia. Tena wengi wao hawakuishi kuufikia uzee ambamo mifupa hudai deni lake. Katika miaka ya 1990 wastani wa kuishi wa Mganda ulikuwa chini ya miaka 50. Leo umepita 60. Binti tunayemfundisha leo ana matumaini ya kuzitembelea nyonga zake miaka mingi kuliko bibi yake, na ameziwekea akiba ndogo zaidi.

Onyo kutoka Sebei

Kutoka Mbale barabara hupanda mpaka Kapchorwa, nchi ya Wasebei, wakimbiaji wanaojulikana dunia nzima. Peruth Chemutai, binti wa milima hiyo, alishinda medali ya dhahabu ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali yoyote ya Olimpiki, naye akaongeza ya fedha mjini Paris mwaka wa 2024. Wasichana wetu wanamtazama, na ni vyema wamtazame.

Lakini pana onyo ambalo kila mwalimu wa michezo yampasa alijue. Tangu miaka ya 1990 waganga wa michezo wameeleza hatari ya msichana afanyaye mazoezi mengi na kula kidogo. Mwili usiopata chakula cha kutosha hufunga milango yake mmoja mmoja. Hedhi hukatika, na ikikatika mifupa hupungua badala ya kuongezeka. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa taarifa maalumu juu ya jambo hili. Basi tusimsifu msichana kwa kukonda, wala tusidhani kukosa hedhi kwa miezi mingi ni dalili ya bidii. Mazoezi bila ya chakula ni kuchota maji kwa tenga.

Lifanywalo

Twaweza kufanya nini katika shule isiyo na uwanja wala mipira? Jibu ni rahisi kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 2001 watafiti wa Oregon, Marekani, walieleza jinsi watoto walivyorukaruka chini kutoka juu ya masanduku mara 100 kwa kipindi, mara tatu kwa wiki, kwa miezi saba, wakaongeza mfupa wa shingo ya paja kwa asilimia 4.5 zaidi ya wenzao. Mwaka wa 2005 wale wa Kanada walionyesha mpango mwepesi zaidi: watoto wa shule ya msingi waliruka mara kumi tu kengele ilipolia, mara tatu kwa siku. Kazi yote haikuzidi dakika tatu, nao pia waliongeza mifupa ya nyonga. Kumbukeni tuliyosema: mfupa huchoka kusikiliza upesi, basi maneno machache yenye mapumziko ni bora kuliko hotuba ndefu. Shule ipi ya Jinja au ya Mbale isiyo na kengele na dakika tatu?

Na hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoingia kwa haki yake. Kufundisha hali ya kuamrisha kwa chaki ni kazi kavu. Watoeni wanafunzi nje, mwaambie: simameni, rukeni, inameni, geukeni, kwepeni, rusheni, dakeni. Wahesabu miruko yao kutoka moja hadi kumi. Neno lililorukwa halisahauliki upesi. Sisi tumejaribu, na wanafunzi waliokuwa wakichanganya "ruka" na "rusha" waliacha kuchanganya baada ya wiki mbili.

Kuhusu chakula, hatuhitaji kuagiza kitu kutoka mbali. Ndizi za kupika, ambazo twazipenda sana Masaba, zina kalsiamu kidogo mno. Lakini uji wa wimbi upo, na mukene, yaani dagaa wa Ziwa Nyanza, huuzwa katika masoko ya Jinja na Mbale. Naye akiliwa mzima na mifupa yake humpa mlaji kalsiamu nyingi. Kuhusu hedhi, msichana asiye na sodo hatatoka uwanjani, hata tukihubiri namna gani. Mwalimu wa kike aliye na akiba ya sodo kabatini amefanya kazi ya mwalimu wa michezo.

La mwisho ni la ratiba, nalo ni gumu kuliko yote, kwa sababu halihitaji fedha bali dhamiri. Mtaala wa 2020 umetuletea Kiswahili na Elimu ya Viungo mkono kwa mkono. Tukidai vipindi vyetu viheshimiwe, huku tukivila vya jirani, tutakuwa na uso gani? Somo la insha lililokosekana Jumatano laweza kufidiwa Alhamisi, au mwaka ujao, au hata uzeeni. Mifupa ya msichana wa miaka kumi na miwili na nusu haina Alhamisi. Kwa upande wetu, kipindi kile cha Jumatano alasiri hatukigombei tena. Na wenzetu wanapokuja kukiomba, tunawasimulia habari hizi tulizowasimulia ninyi.